Mwenyekiti wa Hapa ni Nani?

Mlioko Fort Worth, mlioko Dallas, na ndugu zetu wa Houston ambao najua wengine mko barabarani mnatoka shifti: shikeni usukani, simu iacheni pembeni, sauti itawafikia tu.

Leo naanza na mzee mmoja. Jina silitaji, maana hakunipa ruhusa. Ametokea Fizi, Kivu Kusini. Akavuka ziwa, akaingia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 pale kwetu Kasulu, akakaa miaka ishirini na ushee. Halafu siku moja akateremka uwanja wa ndege wa DFW yeye, mkewe, wajukuu wawili, na ule mfuko mweupe wa IOM ambao kila mkimbizi anaujua, ule unaoning'inia shingoni na karatasi zote za maisha yako ndani.

Siku ya tatu nikaitwa nikamtafsirie. Mimi mchana kazi yangu ni ukalimani. Dada wa shirika lililompokea akamweleza habari za jiko la umeme, namba 911, taka zinatolewa siku gani. Mzee akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Alipoulizwa kama ana swali, akasema analo moja.

"Mwenyekiti wa hapa ni nani? Nataka nikajitambulishe."

Nikatafsiri. Dada akafikiri kidogo, akasema meneja ofisi yake iko pale karibu na bwawa la kuogelea. Mzee akatikisa kichwa. "Huyo ni mtu wa kodi. Mimi nauliza mwenyekiti."

Yule dada hakumwelewa, na simlaumu. Lakini mimi mtoto wa Kigoma nilielewa mara moja. Kwetu mgeni akilala kijijini usiku wa pili bila balozi wa nyumba kumi kumjua, keshakuwa mtu wa kutiliwa shaka. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1982 inasema kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu, na mkutano huo ndio unaochagua halmashauri ya watu 15 hadi 25. Kule Kongo yuko shefu wa kijiji, juu yake wa grupma, juu yake mwami. Na kambini? Msikilizaji uliyepita kambini unajua. Nyarugusu kuna zone, kuna kijiji, na kila ngazi ina kiongozi wake. Walioishi Nakivale na Kyangwali, Uganda, walikuwa na kamati za wakimbizi, zile za RWC, ngazi ya moja, ya pili na ya tatu, zilizoigwa kwenye mabaraza ya Uganda yenyewe, yale ya LC, ambayo nayo mizizi yake iko porini Luwero, vita vya 1981 hadi 1986. Kwa hiyo mtu aliyeshuka DFW akitokea kambini amewahi kuchagua, na pengine kuchaguliwa, huku si raia wa nchi iliyomhifadhi. Huyu mzee alikuwa mwenyekiti wa kijiji chake kambini kwa miaka sita.

Sasa anaingia kwenye apatimenti Vickery Meadow, kaskazini mashariki ya Dallas. Milango zaidi ya mia mbili, Waburma, Waarabu, Waspanishi, Wakongo, Warundi. Watu wengi kuliko kijiji alichokimbia. Na hakuna mwenyekiti.

Nataka tukae kidogo hapo.

Wakubwa wa misaada wana msemo wao, "maeneo yaliyotoka vitani", na kila mradi wa utawala wa kijiji huandikwa kwa ajili ya maeneo hayo. Mimi msemo huo hunishinda. Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, waasi wakateua gavana wao wa Kivu Kaskazini. Uchaguzi wa Desemba 2023, Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kabisa kwa sababu ya vita. Na mabaraza ya sekta na ya shefri, yaliyoandikwa vizuri kabisa kwenye sheria ya Kongo ya 2008, wananchi hawajawahi kuyachagua. Tangu sheria hiyo itoke, mtu wa Fizi hajapiga kura ya kumpata diwani wake hata siku moja. Sasa tunaposema "baada ya vita", ni baada ya vita ipi?

Lakini miradi ilikuja. Watu wa Kivu Kusini, Maniema na Katanga mtalikumbuka jina la Tuungane. Mradi ulianza 2007, hela za serikali ya Uingereza, mtekelezaji mkuu shirika la misaada la IRC. Ndiyo, IRC hao hao wenye ofisi Dallas, waliowapokea baadhi yenu uwanja wa ndege. Dunia ni ndogo. Tuungane iliingia kwenye vijiji zaidi ya elfu moja. Kila mahali wananchi walipiga kura ya siri, wakachagua kamati ya maendeleo, wakafundishwa uwazi, wakapewa hela wachague wenyewe: shule, zahanati au kisima. Sehemu nyingine ililazimu nusu ya kamati iwe wanawake, sehemu nyingine hapana, ili ijulikane tofauti ni nini. Na vijiji vya kuingia kwenye mradi vilipatikana kwa kura ya bahati nasibu, hadharani, watu wakiangalia.

Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, wakiongozwa na Macartan Humphreys, wakafanya jambo la ujanja. Walikwenda vijiji vilivyopata mradi na vijiji vilivyokosa, wakavipa vyote hela, mpaka dola 1,000, masharti machache sana, kisha wakakaa kuangalia. Nani ataamua? Nani atazishika? Nani atauliza hesabu? Mwaka 2012 wakatoa majibu. Vijiji vya mradi na vijiji visivyo vya mradi havikutofautiana kwa namna ya maana. Uwazi haukuongezeka, ushiriki haukuongezeka. Hata ile nusu ya wanawake haikubadilisha jinsi watu wanavyomwona mwanamke kiongozi. Majengo yalijengwa, hilo halina ubishi. Tabia za uongozi zilibaki zile zile.

Wengi walisoma majibu hayo wakasema, mnaona, hawa watu hawafundishiki. Mimi nayasoma kinyume. Hivi vijiji visivyo na mradi vilipopewa dola 1,000 na vikazishughulikia sawasawa na vile vilivyofundishwa, si ina maana vilikuwa na ujuzi wao kabla ya mtu yeyote kuja na semina? Kilichokuwa kinakosekana ni kingine. Hela ya mradi ni ya mradi. Ikipotea umepoteza ulichopewa, na hakuna anayenyanyuka usiku kwenda kugonga mlango wa mhazini. Hela uliyochanga mwenyewe kutoka kwenye mshahara wa kupakia mizigo, hiyo utaiulizia mpaka siku ya kiama.

Ngoja niwapeleke Fort Worth, kwenye matanga.

Aliyefariki ni mama mmoja, na familia inataka mwili urudi nyumbani, jambo ambalo gharama yake mnaijua, ni maelfu ya dola. Sebule imejaa, viatu vimerundikana mlangoni, chai inapita kwenye vikombe vya karatasi. Kwenye kona, juu ya mashine ya kufulia kwa sababu meza zote zimeshikwa, liko daftari. Kaunta buku, jalada jeusi gumu, pembe nyekundu, mgongo umefungwa kwa utepe wa gundi. Safu nne zimepigwa mstari kwa rula: jina, namba ya apatimenti, ahadi, iliyofika. Saa tatu usiku katibu anasimama na kusoma kwa sauti. "Mama Furaha, dola hamsini. Imefika?" Mama Furaha kutoka jikoni: "Imefika!" "Baba Esperance, dola mia. Imefika?" Kimya. Watu wanaangalia chai yao. "Ijumaa," anajibu Baba Esperance, "nalipwa Ijumaa." Katibu anaandika: Ijumaa. Na Ijumaa ililetwa, nakuhakikishia, kwa sababu watu sitini walisikia.

Ukinipa nafasi nikuonyeshe utawala bora wa kijiji, sitakupeleka semina. Nitakuonyesha safu ya nne ya lile daftari.

Kisha tukajifanya wa kisasa. Jumuiya moja, nayo siitaji, ikaamua kwamba kusoma majina ni ushamba, kila mtu atume kwa simu kwenye akaunti ya mhazini. Ikaenda vizuri mwaka mzima. Halafu mhazini akapata kazi Iowa, kwenye kiwanda cha nyama, mshahara mzuri, akahama na familia yake. Na akaunti ikahama naye. Sisemi aliiba, baadaye hesabu zilikuja na karibu zote zilikuwa sawa. Lakini kwa miezi sita watu waliokimbia vita pamoja walipita sokoni bila kusalimiana. Dawa waliyoipata haikutoka kwa mtaalamu. Simu ibaki, wakasema, ila akaunti ishikwe na watatu, na majina yarudi kusomwa.

Nisiwapambe sana lakini. Haya madaftari yana aibu yake, na sisi wenyewe tunaijua. Kila kabila na lake. La Wabembe, la Wanyamulenge, la Wafuliru, la Warundi waliokimbia mwaka 1972. Kule Kivu Kaskazini wazee waliwahi kuanzisha barza ya jumuiya zote, mwishoni mwa miaka ya 1990, ikazima magomvi mengi ya mashamba, kisha uchaguzi wa 2006 ulipokaribia siasa ikaipasua. Sisi huku hatujafika hata kwenye hiyo barza. Na kina mama ndio wanaokusanya mlango kwa mlango, ila ukitazama meza ya mbele, waliokaa ni wanaume watupu. Na vijana wetu, wanaojua Kiingereza kuliko sisi, wanaotusomea barua zote za serikali, wamekaa nje kwenye gari na simu zao mpaka baba amalize mkutano.

Narudi Vickery Meadow.

Lile jengo la mzee lina kikundi cha WhatsApp cha wanaozungumza Kiswahili. Wiki ile Goma ilipochukuliwa, kikundi kilinyamaza. Watu mia na kidogo, hakuna hata "asubuhi njema". Chini wanakaa Wabembe, ngazi ya juu yake Wanyamulenge, jamii zilizopigana kule kwao, na kila sebule ilikuwa inaangalia picha zake, zilizotumwa na watu wake. Watoto walikuwa wanapanda basi la shule pamoja na mama zao hawatazamani. Niliogopa, nisiseme uongo.

Kilichowarudisha kuzungumza si mchungaji, wala si mimi na redio yangu. Ni joto. Dallas mwezi wa Julai mnaijua, nyuzi 38, na usiku ukuta bado unatoa moto kama tanuri la mkate. Viyoyozi vikafa. Kimoja, vitano, kumi. Kanuni za jiji la Dallas zinamtaka mwenye nyumba ya kupangisha aweke kiyoyozi kinachofanya kazi, lakini kila mtu alikwenda ofisini peke yake, na kila mtu aliambiwa yuko kwenye orodha. Mama mmoja wa Kinyamulenge ana mtoto mwenye pumu. Usiku akashuka ngazi akagonga kwa jirani yake wa chini kuomba feni. Akapewa. Kesho yake akaandika kwenye kikundi, maneno manne tu: nani mwingine hana baridi?

Majibu yakaja ishirini na tatu.

Mzee akatoa daftari. Nani mwingine angetoa? Akapiga mistari: namba ya mlango, siku kilipoharibika, siku uliyoripoti, jibu ulilopewa. Wajukuu wakapita kwa Waburma na Waarabu, wakatumia Kiingereza cha shuleni. Orodha ikafika milango thelathini na mmoja, kila mmoja ukapigiwa 311, simu ya jiji, na namba ya ripoti ikaandikwa pembeni. Wakaguzi wa jiji wakaanza kuonekana.

Na hapo watu wakaanza kumwita mzee mwenyekiti. Yeye akaitikia, maana jina hilo limemkaa. Mpaka siku moja kwenye maegesho, yule yule mama wa mtoto wa pumu akanyoosha mkono. "Mzee, unisamehe. Lakini nani alikuchagula wewe?"

Wasikilizaji, nilikuwepo. Hata nzi walisimama. Mzee akakaa kimya kama dakika nzima, halafu akasema, "Swali lina haki."

Wapige kura vipi sasa? Karatasi hakuna, sanduku hakuna, na nusu ya wapigaji hawasomi lugha moja. Mama mwingine, aliyekuwa katibu wa RWC Kyangwali, akasema, tupange mistari. Ndivyo Waganda walivyofanya kwenye uchaguzi wa LC wa 2018, baada ya kukaa miaka kumi na saba bila kuchagua: anayemtaka fulani asimame nyuma yake. Wakafanya hivyo katikati ya magari, jua la saa kumi na moja, watoto wakihesabu kwa sauti. Mstari wa mzee ulianzia kwenye gari la taka. Mstari wa mama wa Kyangwali ulizunguka kona. Na kwenye huo wa mama nilihesabu Wabembe na Wanyamulenge wamechanganyika, wengine wakicheka, kwa sababu walikuwa wamekanyagana viatu.

Mzee alishindwa. Akampa mama mkono, na daftari.

Sasa wale mnaoniuliza kila wiki, "haya yote yana maana gani wakati sisi si raia?", nisikilizeni vizuri. Kura ni ya raia peke yake, na usithubutu kuipiga kabla, utajiharibia kila kitu. Mkimbizi anaomba grini kadi baada ya mwaka, uraia baada ya miaka mitano. Lakini kura ni mlango mmoja. Sheria ya nyumba ya Texas inamkataza mwenye nyumba kulipiza kisasi kwa mpangaji aliyelalamika kwa nia njema au aliyejiunga na chama cha wapangaji, na kinga hiyo ina muda wa miezi sita. Sharti lake kubwa: lipa kodi. Ukisema "silipi mpaka watengeneze", umejichimbia, ni notisi ya siku tatu na mahakama ya mtaa. Houston nao wana mabaraza ya mitaa, yale ya Super Neighborhoods, tangu kama miaka ishirini na mitano iliyopita, mitaa 88, Gulfton ikiwemo, na mikutano iko wazi. Kimbunga Beryl kilipokata umeme kwa wateja zaidi ya milioni mbili Julai 2024, rafiki yangu wa Gulfton aliniambia kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuna aliyejua nani kwenye jengo lake anahifadhi insulini kwenye friji. Hilo nalo ni safu ya kuongeza kwenye daftari.

Msidhani wenyeji wa hapa wamemaliza mtihani huu. Houston, Juni 2023, jimbo liliondoa bodi ya shule iliyochaguliwa na wananchi likaweka mameneja wake. Fort Worth, Oktoba 2025, ikatangaziwa hivyo hivyo. Mzazi aliyekimbia nchi ambayo diwani wa kijijini kwake hachaguliwi akajikuta bodi ya shule ya mwanawe nayo imeteuliwa. Na chaguzi za jiji Dallas zilizofanyika mwezi wa Mei, mara nyingi waliojitokeza hawakufika kumi katika kila mia ya walioandikishwa. Wenye kura wamelala. Sisi tusio nayo tunapanga mistari kwenye maegesho.

Namalizia na jambo la mwezi uliopita. Kamati ya lile jengo iliamua kwenda baraza la jiji, linalokaa siku za Jumatano. Mama mwenyekiti alijiandikisha kusema, na akamwandikisha mzee, kwa sababu, alisema, mtu mzima atangulie. Kila msemaji anapewa dakika 3. Lakini sheria ya Texas, tangu Septemba 2019, inasema anayezungumza kupitia mkalimani apewe muda mara mbili. Kwa hiyo mzee alikuwa na dakika 6, na mimi pembeni yake.

Alivaa suti ya kahawia ya Nyarugusu. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akaanza kwa kumsalimu mwenyekiti wa kikao, kisha wajumbe, kisha wazee wa mji huu walio hai, kisha waliotangulia mbele ya haki. Akataja jina la baba yake, na la babu yake, na mto uliopita karibu na kijiji chao. Nilitafsiri yote, sikuacha neno. Saa nyekundu ukutani ilikuwa inashuka. Akasema alipofika nchi hii aliuliza mwenyekiti wa hapa ni nani, akakosa wa kumjibu, sasa amefika mwenyewe kujitambulisha, na asante kwa kumpokea. Kengele ikalia. Hakuwa amefika kwenye viyoyozi.

Akarudi kukaa, ameridhika kabisa. Mama wa Kyangwali akasimama, akafungua daftari, akasema kwa Kiingereza chake mwenyewe: milango thelathini na mmoja, kumi na tisa imetengenezwa, kumi na miwili bado, na namba zake ni hizi. Akasoma moja moja.